Mbaraka, Marijani au Remmy: uanze na nani?

Benchi la kahawa pale Mwanga, hapa Kigoma, lina ubishi wa aina tatu: Simba na Yanga, bei ya dagaa, na nani aliimba kuliko wenzake. Ule wa kwanza na wa pili hupumzika, maana mechi huisha na dagaa hupanda na kushuka. Huu wa tatu haupumziki. Wazee wa Ujiji humtaja Mbaraka Mwinshehe kisha wanageukia kashata zao, kana kwamba hakimu ameshasoma hukumu. Mama zetu husema Marijani Rajab, na badala ya kutoa hoja wanaanza kuimba. Vijana wa boti za Kibirizi, hasa wenye ndugu ng'ambo ya ziwa, husema Remmy Ongala, tena kwa sauti ya mtu anayetafuta ugomvi.

Nawaandikia waliokaa kwenye ncha ya benchi. Umezaliwa wakati wa Bongo Fleva, umechoshwa na mabishano ya Diamond na Ali Kiba (wote wawili asili yao huku kwetu, kwa hiyo hata ukishinda umemshinda ndugu yako), na sasa unataka kuwasikiliza hawa wa zamani. Unakwenda kwa kijana wa kuingiza nyimbo, unampa flashi, anakuuliza: "Nikuwekee nani?" Hapo ndipo watu wengi hukwama, wanaishia kuwekewa "zilipendwa mchanganyiko" isiyo na kichwa wala miguu.

Kabla ya kuwapima, niseme ni nani hawa. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa 1944, akang'ara na Morogoro Jazz, akajitoa 1973 kuanzisha Super Volcano, na akafa kwa ajali ya gari karibu na Mombasa Januari 1979, hajafika miaka 35. Marijani Rajab, "Jabali la Muziki", ni mtoto wa Kariakoo wa mwaka 1955. Alivuma na Safari Trippers akiwa bado kijana mdogo, kisha na Dar International, na akafariki Machi 1995. Remmy Ongala alizaliwa 1947 Kindu, mashariki ya Kongo, akaja Dar es Salaam 1978 kupiga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, ndipo akahamia Super Matimila. Alifariki Desemba 2010.

Nimemwacha Shem Karenga makusudi. Mwana Kigoma yule, na "Dada Asha" aliyoiimba na Tabora Jazz, akiingia kwenye ulinganisho huu sitaweza kuwa refa. Atakuja siku nyingine, peke yake.

Vigezo

Nimechukua vinne. Mashairi: anasema nini na anakisemaje. Gitaa na sauti: sikio linapata nini hata usiposhika maneno. Rekodi: kazi zake zimetufikia kwa njia gani, na faili utakalopewa leo lina hali gani. Mwisho ni mvuto, yaani ukimfungulia kwenye sabufa, nani atasogeza kiti.

Kigezo cha umaarufu nimekitupa. Kila mmoja wao alikuwa maarufu mahali fulani, na ubishi wa namna hiyo humalizwa na mwenye koo kubwa.

Mashairi

Hapa ndipo kwenye uhondo, na ndipo wabishi wengi hupishana bila kukutana, kwa sababu watatu hawa hawafanyi kazi moja. Mbaraka anasema neno. Marijani anasimulia. Remmy anahutubia. Ukimpima mmoja kwa kazi ya mwenzake, lazima utamdhulumu.

Tazama majina ya nyimbo za Mbaraka: "Shida", "Masimango", "Urafiki wa Mashaka", "Jogoo la Shamba". Ni maneno yaliyokwisha kukaa kinywani mwa Mswahili kabla hajayaimba. Hilo la mwisho ni nusu ya methali. Nusu nyingine, kwamba haliwiki mjini, unaimalizia mwenyewe kabla yeye hajafungua kinywa. Mashairi yake mara nyingi ni machache. Anaiweka kauli, anairudia, anaigeuza kidogo, kisha analiachia gitaa lieleze yaliyobaki. Mtu mwenye shida zake halazimiki kusubiri kisa cha mtu mwingine. Kauli yenyewe inamtosha, anaivaa kama yake. Nadhani ndiyo sababu "Shida" haijazeeka.

Ila usimwone kama mtu wa malalamiko tu. Aliandika pia habari za wakati wake. Morogoro Jazz walipokwenda Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, safari ile ilizaa wimbo. Dakta Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alipouawa Desemba 1971, Mbaraka alimwombolezea kwa wimbo, na mpaka leo wapo wanaolijua jina la Klerruu kwa sababu ya wimbo ule kuliko kwa sababu ya darasani.

Upungufu wake ni kwamba ukitaka kisa chenye mwanzo, kati na mwisho, utaondoka na njaa. Na ukizisikiliza nyimbo kumi mfululizo bila kusikiliza gitaa, utaona anarudi palepale.

Marijani ni upande wa pili kabisa. Soma orodha yake uone kama hujaingia kwenye daftari la mahudhurio: Georgina, Zuwena, Paulina, Mwanameka, Siwema, Mayasa, Masudi, Rosa. Kila wimbo una mtu, na mtu ana jambo. Kuna kupenda, kuoana, kuachana, rafiki asiyeambilika, mtoto anayeambiwa aende shule. Marijani halimezi neno. Anatamka silabi zote, kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba hakuna atakayeondoka kabla hajamaliza. Mama akisema "sikiliza hapo", ujue kinakuja kipande ambacho yeye na shoga zake wamekijadili tangu usichana, na bado hawajakubaliana kosa lilikuwa la nani.

Hiyo ndiyo nguvu yake kubwa: anakufanya uchague upande. Lakini dada zetu wa leo wana swali ambalo wazee hawalipendi: mbona anayeonywa mara nyingi ni Rosa na wenzake, huku wanaume wakipita pembeni? Swali ni la haki. Jibu la kijiweni, kwamba "ndivyo ilivyokuwa zamani", halinitoshelezi. Hata hivyo Rosa anaambiwa aende shule, na wakati ule wasichana wengi walikuwa wakiambiwa mengine.

Remmy hakusimulii habari za jirani. Anakutazama wewe usoni. "Mnyonge Hana Haki" haihitaji ufafanuzi kwa mtu aliyewahi kupanga foleni ya huduma akapitwa na mwenye gari. Kwenye "Kifo" anakabiliana na kifo chenyewe, kana kwamba kimekaa kiti cha mbele ukumbini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukimwi ukiwa unatajwa kwa kunong'ona, alitoa "Mambo kwa Soksi", akahimiza kondomu waziwazi. Radio Tanzania ilikataa kuipiga. Wimbo ukatembea kwa kaseti, na kila aliyeusikia alijua unazungumza nini.

Kiswahili chake kina ladha ya alikotoka. Dar es Salaam walikiona cha kigeni. Kigoma tunakisikia kila siku sokoni. Hata jina la wimbo mmoja limeandikwa "Inchi Yetu", kama wanavyosema ng'ambo. Kasoro yake ni ile ile ya wahutubiaji wote: kuna siku hutaki kuhutubiwa. Zipo nyimbo ambazo ukiondoa hoja, shairi linabaki jembamba. Na albamu ya *Mambo* ya 1992 ina nyimbo kadhaa za Kiingereza, walengwa wakiwa wasikilizaji wa Ulaya. Mimi huziruka.

Gitaa na sauti

Kwa Mbaraka, anayeimba na anayepiga gitaa la solo ni mtu mmoja, na hilo hubadili kila kitu. Anauliza kwa mdomo, anajibu kwa nyuzi. Walimwita "Soloist National", jina ambalo leo lingechekesha, lakini sikiliza sehemu ya pili ya wimbo wake wowote, maneno yakishakwisha, ndipo utaelewa. Sauti yake ya kuimba ni ya kawaida, hata wanaomwabudu hukubali wakibanwa.

Kwa Marijani ni kinyume: sauti ndiyo mali. Ya juu, laini, safi, haina haraka. Vyombo vya Dar International, kwa mtindo wao wa Super Bomboka, vinampisha amalize sentensi ndipo vichangamke. Anayependa gitaa atalalamika kwamba anacheleweshwa.

Remmy ana sauti ya mkwaruzo, na haifichi. Nyuma yake Super Matimila wanapiga magitaa yanayosukana kama nywele, haraka tangu mwanzo. Hakuna ile sehemu ndefu ya polepole ya kusubiri watu wamalize soda. Muziki wake aliuita bongo beat, Bongo Fleva ikiwa bado haijapewa jina. Kwa anayetaka kucheza bila kufikiri, huyu ndiye mwepesi kuliko wote, na ndio utani wa jambo lenyewe: watu wanaruka huku wanaimbiwa mauti.

Rekodi

Kijiweni kigezo hiki hakizungumzwi sana, ingawa ndicho kinachoamua utasikia nini.

Tanzania ya miaka ile haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na zilizotaka santuri zilitazama Nairobi. Mpaka na Kenya ulipofungwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia hiyo ikawa nyembamba. Ndiyo maana kazi za waimbaji watatu walioishi karibu wakati mmoja zimetufikia kwa milango mitatu tofauti.

Mbaraka alipitia mlango wa santuri. Kazi zake nyingi zilitoka Nairobi kwenye santuri ndogo za nyimbo mbili, na baada ya kifo chake zikakusanywa kwenye mfululizo wa santuri kubwa uliopewa jina la *Ukumbusho*. Uzuri wake ni kwamba zimehifadhika kwa wingi na ni rahisi kuzipata. Ubaya ni kwamba santuri ndogo ilikuwa na nafasi finyu, kwa hiyo wimbo mrefu uligawanywa: maneno upande wa kwanza, gitaa likichemka upande wa pili. Waliohamisha nyimbo hizo kwenda kwenye kompyuta hawakuwa waangalifu wote. Unaweza kupewa nusu ya wimbo ukadhani ndiyo wote. Kabla hujalipa, fungua faili. Likikatika ghafla gitaa linapoanza kunoga, mwambie kijana atafute sehemu ya pili. Angalia pia kama ni Morogoro Jazz au Super Volcano, maana *Ukumbusho* umechanganya zote mbili, na wabishi wa kweli huanzia hapo.

Marijani amegawanyika. Zile za Safari Trippers zilitoka kwa santuri, na nyingi ya zile za Dar International tunazijua kwa mikanda ya Radio Tanzania. Mkanda wa redio haukubanwa na upande wa santuri, kwa hiyo kisa kinakwenda mpaka mwisho wake. Tatizo ni nakala. Nyingi zilizopo mitaani zilirekodiwa kwa kaseti kutoka redioni, na kizazi baada ya kizazi cha kunakili kimezipunguzia nguvu. Zipo ambazo utamsikia mtangazaji akiingia juu ya ubeti wa mwisho. Kwa mwimbaji ambaye thamani yake ni kusikika kila neno, hasara hii ni kubwa kuliko kwa wengine. Ukimchagua Marijani, kuwa mgumu: kataa faili bovu, hata kama ni "Zuwena".

Remmy alipata mlango wa Uingereza. Baada ya kualikwa mwaka 1988 kwenye WOMAD, maonyesho ya muziki wa mataifa mbalimbali, alirekodi kwa Real World, kampuni ya mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel: *Songs for the Poor Man* ikatoka 1989, kisha *Mambo*. Usikivu wake ni safi, besi inagonga kifua, na hata kwenye sabufa ya bei ndogo hutaona aibu. Lakini Remmy ana maisha mengine kwenye mikanda ya redio na kaseti za nyumbani, na wanaomjua hasa huwa upande huo. Kwa sikio langu, za nyumbani zina joto zaidi: bendi inapiga kama iko ukumbini, na Remmy anazungumza na watu anaowajua. Zile za Uingereza zimepigwa pasi. Ukiweza, chukua zote mbili za wimbo mmoja uamue mwenyewe.

Mvuto

Mbaraka huwakusanya wazee wa kiume na wapiga gitaa wa rika lolote. Huvuka pia mpaka: Mkenya aliyekuja kikazi hapa mwisho wa reli, asiyejua hata Kasulu iko upande gani, atamjua Mbaraka.

Marijani ni wa sebuleni na jikoni. Anasikilizwa mchana, sauti ikiwa ya wastani, na watu wanaongea juu yake. Walimu wa Kiswahili humpenda, na wana sababu. Vijana huwachukua muda, kwa kuwa hakukimbilii. Lakini kijana aliyepitia kuachwa hivi karibuni hunaswa wiki ya kwanza.

Huku Kigoma, Remmy ana jambo ambalo hana kule Morogoro wala Tanga. Ukivuka ziwa hadi Kalemie, reli ya huko inakwenda Kabalo, inapokutana na ile iendayo Kindu alikozaliwa. Watu wa Kibirizi wanaijua njia hiyo kwa biashara na kwa ukoo. Kwa hiyo wanaposema "Remmy ni wetu" hawazungumzii uraia. Wazee huwajibu kwamba Remmy alikuwa mtu wa Dar, tena wa Sinza, ambako kituo cha daladala kinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Wote wako sahihi, na ndiyo maana hawaelewani. Nje ya hapo, Remmy ndiye anayeshikwa upesi na vijana wa bodaboda na wapagazi wa bandarini, kwa sababu anasema mambo yao bila kuyavisha kanzu.

Sasa wewe

Kama unajifunza gitaa, au una mtoto anayejifunza kanisani, anza na Mbaraka, na uanze na sehemu za pili za nyimbo. Achana na maneno kwa mwezi mzima.

Kama unaandika mashairi, hata ya Bongo Fleva, Marijani atakufundisha jinsi ya kumtambulisha mtu kwa ubeti mmoja. Remmy atakufundisha jinsi ya kuanza bila kuzunguka. Hapa siwezi kuchagua. Inategemea ugonjwa wako. Ukiwa unaandika maneno mengi yasiyo na mtu ndani yake, nenda kwa Marijani. Ukiwa unasema kwa mafumbo mpaka mwenyewe hujielewi, nenda kwa Remmy.

Kama una baa au kibanda cha chipsi, usianze na Marijani usiku; wateja watakaa kimya wasikilize, na mtu anayesikiliza haagizi. Jioni Mbaraka, baada ya saa tatu Remmy. Mchana wa Jumapili ndio wa Marijani.

Kwa harusi, chunguza maneno kwanza, maana watatu wote wana nyimbo tamu zinazoeleza ndoa ikivunjika, na wapiga muziki wa siku hizi huzifungulia bila kujua.

Kwa msiba, wengi hukimbilia "Kifo" ya Remmy. Uliza wenye msiba. Kuna nyumba itakayoipokea kama faraja, na kuna nyumba itakayoona unawachokonoa.

Kama spika yako ni ya simu tu, Remmy wa Real World au Mbaraka aliyesafishwa vizuri. Marijani wa kaseti mbovu kwenye spika ya simu ni kumwonea.

Kama mnasafiri kwa treni, saa zote zile mpaka Tabora na kuendelea, Marijani. Visa vinapunguza njia, na abiria wa kiti cha mbele ataingilia kati tu kumtetea mmojawapo wa wahusika.

Na kama una mgeni kutoka Kalemie au Uvira, usimfungulie Remmy kwa kudhani unamkirimu. Huyo anamjua tangu kwao, na atakusahihisha matamshi. Mwekee Marijani, umtafsirie pale Kiswahili cha Kariakoo kinapomteleza, kisha umsikilize yeye anasema kosa lilikuwa la nani.